Kuanguka kwa Jiwe la Mbeleko

Inspekta Hyasinta Masatu alishuka kwenye Land Rover ya kituo kabla haijasimama sawasawa, akatembea kuelekea ziwani, kisha akasimama ghafla kama walivyosimama watu wote waliomtangulia. Alikuwa ameitwa kutazama maiti, lakini macho yalimkatalia kushuka chini. Yaliganda juu, mahali palipokuwa na jiwe siku zote za maisha yake na ambapo asubuhi hiyo palikuwa na anga tupu.

Jiwe la Mbeleko lilijulikana hata na watu ambao hawajawahi kuikanyaga Mara. Yalikuwa mawe mawili. Kubwa liliinama kidogo kuelekea ziwani, kama mama anayechota maji, na dogo, ambalo udogo wake ulikuwa sawa na lori, lilikaa mgongoni mwake likigusa mahali padogo sana, hata mtu akilitazama alijikuta anashika pumzi. Tangu mpaka wa Sirari ulipofunguliwa tena, malori ya watalii kutoka Nairobi yalikuwa yanakata kona Musoma na kuja mpaka hapa kijijini Bwiringo kulipiga picha, ndipo yaendelee Bunda na kuingia Serengeti. Katika miaka ile ambayo watu wa mjini walifulia majani ya mpapai, Bwiringo walifua kwa sabuni ya Wazungu. Watoto wao walivaa fulana zenye majina ya miji ambayo hakuna mtu kijijini aliyejua iko upande gani wa dunia.

Sasa mtoto yule wa jiwe alikuwa chini, amelala ubavu, nusu yake majini. Mama yake alibaki na kovu jeupe mgongoni. Na chini ya jiwe, kwenye mchanga, ulitokeza mkono wa mtu wenye mkono wa shati la kaki.

Watu walikuwa wameshamtambua kwa shati hilo. Ni Isidori, Inspekta aliambiwa, yule aliyekuwa anawatembeza wageni na kuwasimulia habari za jiwe kwa Kiingereza alichojifunza seminari kabla hajafukuzwa kwa kukosa ada. Wanawake hawakupiga yowe kama inavyotakiwa. Wengine walikaa chini mchangani na kutazama tu. Lori la watalii lilikuwa limefika punde baada ya kishindo, na dada mmoja wa Kizungu alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake huku mwenzake akiendelea kupiga picha, mpaka Koplo Silasi alipomwendea na kuishusha kamera kwa mkono wake.

Hyasinta aliagiza jeki zikaombwe kwenye kinu cha pamba cha Bunda, kwa maana hapakuwa na kitu kingine karibu chenye uwezo wa kuinua mzigo ule. Wakati wa kuzisubiri hakuupoteza. Alipanda kwenye jiwe mama kwa mikono na magoti, sketi ya sare akiikunja, akalichunguza lile kovu jeupe. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kasmiri, alikuwa amemwambia kwamba jiwe limechoka, kwamba mvua za mwaka huu zimelilegeza. Lakini mvua haiachi masizi. Kwenye ufa palipokutana mawe mawili palikuwa na weusi uliotawanyika kama wa mdomo wa chungu, na ndani ya ufa kipande kilichoungua cha utambi mweusi uliopakwa lami. Pembeni yake palikuwa na kijiti cha kibiriti.

Alipoteremka hakumwambia mzee Kasmiri kitu. Alimwambia Silasi peke yake, kwa sauti ya chini, kwamba hii ni baruti. Silasi alimtazama, akalitazama jiwe, akavua kofia.

Jioni jeki zilipofika na jiwe likanyanyuka kidogo, walimvuta Isidori. Hyasinta alijilazimisha kumpekua mwenyewe. Mifukoni mlikuwa na filimbi, leso na kalamu ya wino. Hakukuwa na kibiriti. Aliipekua mifuko tena, akapapasa mchanga uliokuwa chini yake, kisha akanawa mikono ziwani kwa muda mrefu. Miguuni alikuwa na kiatu kimoja cha tairi, cha mguu wa kushoto. Cha kulia Silasi alikuwa amekiona mchana, juu kwenye mteremko unaokwenda kwenye mashamba ya mihogo, mbali na jiwe. Watu walikuja kwa njia ya ufukweni, kwa hiyo udongo wa mteremko ule ulikuwa haujavurugwa, na kwa sababu ya mvua ulikuwa laini kama ugali. Nyayo za Isidori zilikuwa zimechimba sana upande wa vidole, moja mbali na nyingine. Alikuwa anakimbia. Na vidole vilielekea chini, kwenye jiwe.

Zilikuwepo nyayo zake nyingine, za hatua za kawaida, zinazopanda kuelekea kwenye mihogo, na kando yake nyayo za miguu mitupu, zinazopanda vilevile. Silasi alisema wanawake wa hapa hupita pale kila asubuhi wakienda shamba. Hyasinta akakubali kwamba ndivyo inavyowezekana.

Mjane wa marehemu, Dorotea, alikaa mbali na wenzake juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Hakulia. Alipoulizwa kama mumewe alikuwa na adui alitikisa kichwa, na alipoulizwa mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini, alisema aliondoka alfajiri kuja kuwaandalia wageni. Kisha akaongeza, macho yake yakiwa kwenye jiwe na si kwenye turubai walilomfunika mumewe, kwamba Isidori alikuwa analipenda hilo jiwe kuliko kitu chochote.

Kijiji kilikuwa na jina la mshukiwa tayari. Mzee Kasmiri, baada ya kuambiwa habari ya baruti, ndiye aliyelitoa. Makongoro, mkandarasi wa kokoto. Masika yaliyopita alikuja kuomba mawe ya Bwiringo ayapasue kwa ajili ya barabara, na Isidori akasimama mkutanoni kumpinga mpaka kijiji kizima kikamkatalia. Makongoro aliondoka akisema mbele ya wote kwamba lile jiwe litashuka, wapende wasipende.

Silasi alitaka wakamkamate usiku uleule. Hyasinta alimwambia kwanza walale, na kwamba wakirudi Musoma wapite Kamunyonge, kwenye nyumba ya wageni waliyofikia watalii.

Dereva wa lile lori alikuwa Mkenya mnene, mpole. Alieleza kwamba jana yake jioni Isidori alikuja kupatana nao. Wageni wakatoa kalenda ya kampuni yao, iliyochapwa Ulaya, wakamwonyesha picha ya mwezi wa saba: msichana mdogo amesimama juu kabisa ya Jiwe la Mbeleko, mikono ameinyoosha kama ndege, anacheka. Waliuliza kama yule msichana atakuwepo wampige picha na wao.

Hyasinta akauliza Isidori alijibu nini.

Dereva alisema aliitazama ile picha kwa muda mrefu sana. Kisha akasema msichana huyo hayupo. Wageni wakauliza kama anaweza kupatikana mwingine, maana huwa anapatikana, kila lori huwekewa mtoto juu. Akasema sawa. Ila akawaomba wasije mapema, waje jua likishapanda.

"Na nyinyi huwa mnakuja saa ngapi?"

"Sisi hukuja jua likichomoza, madam. Ndiyo picha hutoka vizuri. Yeye mwenyewe ndiye alitufundisha hivyo."

Hyasinta aliiomba ile kalenda, akaondoka nayo.

Makongoro walimkuta Butiama asubuhi, kwenye rundo la kokoto pembeni mwa barabara, anagombana na vibarua. Alipoambiwa kilichotokea Bwiringo aliketi juu ya kokoto zake. Alikiri maneno yake ya mkutanoni. Alisema alilitaka jiwe lile, hilo hakatai, lakini alilitaka kwa karatasi na mihuri. Kisha akamkumbusha Inspekta jambo ambalo Silasi alipolisikia alitazama chini: baruti yote ya mkandarasi hutunzwa kwenye ghala la polisi Musoma, na haitoki bila sahihi. Na usiku wote wa kuamkia jana alikuwa msibani kwa shemeji yake hapo Butiama, amekaa kwenye turubai na diwani na nusu ya kata.

Hyasinta alimpa kile kipande cha utambi. Makongoro alikinusa, akakirudisha.

"Sisi tunalipua kwa waya na betri, Afande. Huu wa lami ni mtindo wa kizamani. Kwa sasa wanaoutumia ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nenda Kiabakari, umwulize Nyamhanga. Lakini usimwambie ni mimi nimekutuma, ni mtu wa hasira."

Mzee Nyamhanga hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa mlipuaji tangu ujana, na mkono wake wa kulia ulibaki na vidole pungufu kama ushahidi. Walimkuta uani kwake anakunywa uji. Alimkaribisha Hyasinta kama binti yake, akamwita mwanangu, akaagiza aletewe kigoda. Alipoulizwa habari ya baruti akasema yeye ameacha kazi hizo zamani, siku hizi analima. Hyasinta hakubishana naye. Aliweka utambi mbele yake na kumwambia kwamba kuna mtu amekufa.

"Nani amekufa?"

"Isidori wa Bwiringo."

Mzee alikiweka kikombe chini taratibu, uji ukamwagika kidogo.

"Nilimwambia akimbie," alisema.

 Silasi, aliyekuwa anaandika, kalamu yake ilisimama. Hyasinta alivuta kigoda karibu na kumwomba mzee aeleze tangu mwanzo, na safari hii mzee hakuficha. Isidori alikuja kwake juma lililopita kutafuta baruti. Alikataa kusema ni ya nini, na Nyamhanga alidhani amepata mahali penye dhahabu, watu huwaga na siri zao. Alimwonyesha jinsi ya kuishindilia kwenye ufa. Isidori aliuliza swali moja tu: utambi ukishawaka mtu ana muda gani. Nyamhanga akamkatia mrefu, muda wa kuvuta nusu ya sigara. Unatembea tu, hata hukimbii, unafika mbali.

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Alikuwa amekonda, mwanangu. Nilimwuliza kama anaumwa."

Walirudi kwenye Land Rover. Silasi alisema kwamba hajawahi kuona kesi ya namna hii. Mtu aliyewasifia Wazungu lile jiwe kila siku, aliyesimama mkutanoni kulitetea, ndiye huyo huyo aliyelitegea baruti. Hyasinta alisema hilo sasa wanalijua, kwa hiyo waliache. Kuna mawili wasiyoyajua. La kwanza, aliyewasha alikuwa na kibiriti, na Isidori hakuwa nacho, kwa hiyo walikuwa wawili. La pili, Isidori alikuwa ameshafika kwenye mihogo, salama kabisa, akageuka akakimbilia baruti inayowaka.

"Labda alijuta," Silasi alisema. "Alitaka akazime."

"Labda."

Lakini Hyasinta alikuwa anafikiria juu ya kijiti cha kibiriti, na urefu wa ule mteremko, na mtu aliyekimbia mpaka kiatu kikamvuka asigeuke kukiokota. Gari lilipoingia kijijini alimwambia Silasi asiende moja kwa moja ufukweni. Wapite kwanza zahanati. Kama mtu amekimbilia kitu pale chini, na kitu hicho hakikuwa jiwe, basi kilikuwa na damu, na huenda kilijeruhiwa.

Nesi wa zahanati alisema siku ile hakuletwa mtu aliyepigwa na jiwe. Alifikiri kidogo. Alikuwepo tu mtoto wa Jenoveva, Nyamburi, aliyekuwa anatoka damu masikioni. Mama yake alisema ameanguka kutoka kwenye mpera. Nesi alimsafisha akamwekea pamba, ingawa alishangaa, maana nguo za mtoto zilikuwa zimelowa chapachapa na mvua haikunyesha asubuhi ile.

Jenoveva alikuwa anaanika dagaa alipoiona sare ya polisi, na uso wake ulitosha kuwa maelezo. Alianza habari ya mpera. Hyasinta alimshika mkono na kumwambia, mama, hakuna mtu anayekuja kumkamata mtoto. Ndipo Jenoveva akakaa chini kwenye mchanga kando ya dagaa wake na kulia kwa kwikwi, akisema waliogopa, baba yake alisema wakisema wataambiwa mtoto wao ndiye aliyemwua Isidori.

Nyamburi alitoka ndani na pamba masikioni. Alikuwa mdogo kuliko Hyasinta alivyotegemea. Ilibidi mama yake amsogelee na kumuuliza kwa kupaza sauti, na mtoto alijibu kwa sauti kubwa vilevile, kama wafanyavyo wasiojisikia.

Alisema jioni ya kuamkia siku ile alisikia watu wakisema lori limefika mjini. Aliwahi alfajiri ili asiwahiwe na wengine, kwa sababu anayekuwa juu ndiye anapewa fulana. Alipita ufukweni, akapanda kwa upande wa ziwa. Alipofika juu akaona moshi kidogo unatoka chini, akadhani kuna mtu anachoma samaki. Kisha akamwona Baba Boke, ndivyo watoto walivyomwita Isidori, anakuja mbio kutoka juu kwenye mihogo, anapiga kelele. Alidhani atachapwa. Baba Boke alipanda, akamshika hapa, mtoto akaonyesha kwapa zake, akamrusha majini.

"Halafu?"

"Halafu sikusikia tena."

Hyasinta aliikunjua ile kalenda na kumwonyesha Jenoveva yule msichana mwenye mikono kama ndege. Jenoveva alifunika mdomo.

"Mmeipata wapi? Huyu si ndiye Boke, mtoto wa Isidori na Dorotea? Alianguka palepale, mwaka juzi. Walikuwa wanampiga picha."

Hyasinta aliikunja kalenda na kuelekea kwenye gari.

Nyumba ya Isidori ilikuwa na makaburi mawili nyuma yake, moja limeota majani na jingine, la Isidori aliyezikwa mchana ule, udongo wake ungali mwekundu. Dorotea alikuwa kati yake, anapalilia lile la zamani. Hyasinta alimwacha Silasi getini, akaenda peke yake, akachuchumaa. Hakutoa pingu wala daftari. Alisema tu kwamba ametoka Kiabakari.

Dorotea aliendelea kung'oa majani kwa muda. Kisha akazungumza, na sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasimulia habari za watu wengine. Boke alipokufa yeye alitaka jiwe lizungushiwe miiba. Kijiji kilikataa. Walisema mmoja ameanguka kwa bahati mbaya, lakini wote wanakula. Isidori naye alikubaliana nao, na akaendelea. Kila lori alimpandisha mtoto wa mtu mwingine juu, akarudi nyumbani na sabuni. Yeye hakuigusa sabuni hiyo. Baadaye malori yakaanza kuja na ile kalenda. Wageni wanamwonyesha mwanawe mwenyewe, wanamwambia, huyu, tunamtaka huyu. Ndipo akaacha kula. Ndipo akaenda Kiabakari.

"Nani aliwasha, Mama Boke?"

"Mimi."

Akasema Isidori alijaribu, lakini mikono ilimkataa, vijiti vinavunjika. Yeye akamnyang'anya kibiriti. Waliangalia huku na huku, hapakuwa na mtu. Akawasha, wakapanda wote, yeye mbele, mume nyuma. Walipofika kwenye mihogo akamsikia amesimama. Alipogeuka aliona mgongo wake tu, anateremka mbio.

"Alirudi kuliokoa," alisema Dorotea. Sauti ile tambarare ilipasuka hapo. "Mtoto wetu alimwacha aanguke, lakini jiwe alirudi kuliokoa. Ndiyo maana sikumlilia. Mnifunge, ila msiniambie nimlilie."

Hyasinta alikuwa ameshika kalenda mgongoni, akaidondosha kwenye majani.

"Hakurudia jiwe," alisema. "Kulikuwa na mtoto juu."

Dorotea alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni.

"Nyamburi wa Jenoveva. Alipandia upande wa ziwa. Mumeo alimtoa akamrusha majini, na yeye akabaki."

Majani aliyoyashika yalimtoka mkononi moja moja. 

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

 Dorotea alitambaa kwa mikono mpaka kwenye udongo mwekundu, akaulalia kwa kifua, na yowe lililotoka hapo lilisikika mpaka ufukweni. Silasi aliingia mbio akidhani kuna aliyeuawa. Hyasinta alimzuia kwa mkono. Walisubiri. Majirani walikuja wakasimama nje ya ua, na hakuna aliyethubutu kuingia.

Alipomaliza aliomba maji, akanawa uso, akafunga kanga yake vizuri. Aliomba jambo moja, wapite kwa Jenoveva kabla ya kwenda Musoma. Haikuwa utaratibu. Hyasinta aliwasha gari mwenyewe.

Nyamburi alikuwa amekaa mlangoni. Dorotea alipiga magoti mbele yake, akampapasa kwapa zote mbili, kisha mbavu, kisha mikono, kama anayetafuta alama za vidole vya mtu. Alimnong'oneza kitu kirefu, ambacho mtoto asingeweza kukisikia. Jenoveva alikuwa amesimama nyuma yao, dagaa mkononi, hajui aombe radhi kwa nani.

Dorotea akainuka. Alitembea hadi kwenye Land Rover, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanda, akaketi.

"Mama Boke anaenda wapi?" mtoto aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa.

Alimtazama mama yake, akamtazama Inspekta, akasubiri midomo ya mmoja wao itikisike.